Ushindani na Uwezo wa Kushindana: Lugha ya Biashara ya Ng'ambo katika Njombe na Makambako

Neno ushindani limetwikwa kazi nyingi katika maandiko ya uchumi ya Tanzania tangu nchi ilipoanza kuyafungua masoko yake katikati ya miaka ya 1980. Asili yake haina fumbo. Mzizi ni shind-, ukaongezwa -an- ya kutendana, kisha u- mwanzoni na -i mwishoni, likapatikana jina la hali: hali ya watu wawili au zaidi ambao kila mmoja ataka kumshinda mwenziwe. Ndugu yake ni mashindano, lenye -o mwishoni, ambalo hutaja tendo lenyewe, kama vile mashindano ya ngalawa. Hadi hapo hakuna matata. Matata yalianza pale neno hilo hilo lilipopewa maana ya pili. Katika mipango na hotuba husemwa kwamba ni lazima kuongeza ushindani wa mazao ya nchi katika soko la dunia, na maana inayokusudiwa hapo si wingi wa washindani, bali ni nguvu ya mmoja wao, yaani uwezo wa muuzaji kupata mnunuzi na bei nzuri mbele ya wauzaji wengine. Kiingereza kina majina mawili mbalimbali kwa mambo haya mawili. Kiswahili cha maofisini kimeyatia katika chungu kimoja.

Huenda msomaji akaona kuwa jambo hili ni dogo, la kuwashughulisha watunga kamusi peke yao. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba katika mkoa wa Njombe, na hasa katika biashara ya parachichi iliyoenea huko mpaka Makambako, mambo hayo mawili si mamoja hata kidogo. Ushindani wa wanunuzi shambani waweza kuupunguza uwezo wa tunda kushindana ng'ambo. Mpango unaotumia neno moja kwa yote mawili hauwezi kuuona mgongano huo, na hasara yake humwangukia mkulima aliyengoja miaka mitatu au minne mpaka mche wake wa kubebesha ukazaa.

Kwanza yafaa kueleza hali ya nchi yenyewe. Wataalamu wa uchumi husema kuwa uchumi wa namna ya Tanzania ni mdogo, ni wazi, na umo katika mpito. Udogo huo si wa ardhi wala wa idadi ya watu; ni udogo wa fungu lake sokoni. Meksiko ndiyo izalishayo na kuuza maparachichi mengi kupita nchi zote, Peru yaifuata katika kuuza nje, na katika Afrika Kenya imetangulia. Shehena ya Njombe ifike isifike, bei ya Rotterdam haitikisiki. Uwazi maana yake ni kwamba bei iliyokatwa huko huingia ndani bila kubisha hodi, ikawa ndiyo bei ya shambani baada ya kutolewa gharama za njia. Muuzaji wa namna hii hapangi bei, huikuta. Yaliyomo mikononi mwake ni gharama zake, wakati wa kuleta bidhaa, na ubora wa alichokileta.

Kuhusu mpito, habari zake ni ndefu, na hapa zatajwa kwa ufupi. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 njia kuu za uchumi ziliwekwa mikononi mwa umma. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vya mazao vilivunjwa, na kazi ya kununua ikapewa mamlaka na mashirika ya serikali. Mkulima aliuza kwa mnunuzi mmoja, kwa bei iliyokwisha kutangazwa, na mara nyingi malipo yalikawia. Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu ushirika urudi. Mwaka 1984 masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje yalilegezwa. Na mwaka 1986, katika serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi, yalifikiwa makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Dola moja ya Marekani, ambayo mwaka 1985 ilibadilishwa kwa wastani wa shilingi 17 hivi, mwaka 1987 ilikuwa imefika wastani wa shilingi 64.

Hapa mtu wa lugha ataona kitu cha kumpendeza. Kiswahili kilisema, na bado chasema, kuwa shilingi "imeshuka" au "imeporomoka", na maneno hayo yote mawili ni ya hasara. Kwa mwenye kununua mafuta ya taa ni hasara kweli. Lakini mkulima ambaye zao lake liliuzwa ng'ambo kwa dola 100 alistahili shilingi 1,700 kwa hesabu ya kwanza, na shilingi 6,400 kwa hesabu ya pili. Kwake yeye shilingi iliyoshikiliwa juu kwa amri ilikuwa ni kodi isiyoandikwa popote. Ni kweli kwamba bei za madukani nazo zilipanda, na faida yote hiyo hakubaki nayo mfukoni. Hata hivyo mwelekeo ulikuwa huo. Lugha haikuwa na neno la kuueleza upande wake, na huenda hiyo ni sababu mojawapo ya upande huo kusikika kidogo katika mabishano ya miaka ile.

Njombe, iliyokuwa wilaya ya mkoa wa Iringa mpaka ilipofanywa mkoa mwaka 2012, ilianza kuuza ng'ambo zamani kabla ya mpito huo. Ni nchi ya juu na ya baridi, na mazao yake ya biashara ni yale yapendayo baridi. Mwaka 1949 Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza lilianzisha huko Tanganyika Wattle Company, ambayo wenyeji huijua zaidi kwa jina la TANWAT. Kazi yake ilikuwa kupanda miti ya asili ya Australia ambayo magome yake hutoa maji ya kutengenezea ngozi. Mti ukaitwa muwati, wingi miwati, ukaingia katika ngeli ya miti kana kwamba neno lilizaliwa Ubena. Ngozi za soli zilipopisha mpira na plastiki, na watengenezaji wa ngozi wengi walipogeukia chumvi za kromu, soko la magome lilisinyaa. Kampuni haikufa, ilitia nguvu katika mbao na nguzo. Mnunuzi wa ng'ambo hakuwa na ugomvi na Njombe. Alikuwa amebadilisha viatu tu.

Pareto lafunza zaidi. Maua yake, yalimwayo Njombe, Makete na Mufindi, hayapimwi kwa uzito peke yake, bali pia kwa kiasi cha piretrini kilichomo, kitu ambacho wakulima hukiita kwa ufupi "sumu". Ua lenye sumu nyingi lina bei kubwa. Kenya ilikuwa muuzaji mkuu wa pareto duniani kwa miongo mingi, ikaja ikaipoteza nafasi hiyo. Malipo yalicheleweshwa, wakulima wengi wakaacha zao hilo, na Tasmania ya Australia, iliyovuna kwa mashine, ikashika nafasi ya kwanza. Mkulima wa Kenya hakushindwa kwa ardhi wala kwa hali ya hewa. Alishindwa katika vitabu vya malipo, mbali kabisa na shamba lake.

Chai nayo, ile ya Kibena, Luponde na Lupembe, imekuwa ikipitia kwa sehemu kubwa katika mnada wa Mombasa, ambako biashara hufanywa kwa dola. Kwa miaka mingi chai ya Tanzania imepata huko bei ya chini kuliko ya Kenya na ya Rwanda. Rwanda ni nchi ndogo kuliko Tanzania, haina pwani, na chai yake husafiri nchi kavu mwendo mrefu kabla ya kuiona bahari. Kwa hiyo udogo na umbali, ambavyo husingiziwa mara nyingi, si sababu zitoshazo. Mwezi wa Novemba 2023 ulianzishwa mnada wa chai katika Dar es Salaam. Hatua hiyo ina maana yake, ijapokuwa hakuna mnada uwezao kuurudisha ubora wa jani lililochelewa kufika kiwandani.

Makambako ni habari nyingine. Mji huo uko kama kilomita 60 kaskazini ya Njombe, mahali ambapo barabara itokayo Songea hukutana na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa mkopo wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ina stesheni hapo. Barabara ya lami ya kwenda Songea ilijengwa baadaye, katika miaka ya 1980. Yaweza kusemwa kuwa Njombe hulima na Makambako hupakia: mahindi, mbao, viazi, na sasa matunda.

Katika masoko ya viazi ya njia hiyo neno lumbesa lajulikana na kila mtu. Lumbesa ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake, likaongezwa kichwa na kufungwa kwa kamba, nalo likauzwa kwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo yalikataza, na Wakala wa Vipimo hulipiga vita, lakini neno lingali na afya njema, na afya ya neno ni dalili ya afya ya jambo. Yafaa kulilinganisha na katoni ya parachichi iendayo Ulaya. Katoni hiyo huchukua kilo 4, na namba iliyopigwa ubavuni hutaja matunda mangapi huijaza: namba 14 ni matunda 14, namba 24 ni matunda 24. Basi namba ikizidi, tunda ni dogo. Mkulima aliyezoea lumbesa amefundishwa na soko lake kwamba biashara ni kuongeza kichwa juu ya kipimo. Soko la pili lamtaka aamini kwamba tunda moja lililozidi au lililopungua ni kasoro. Haya ni maadili mawili ya kupima, na yamo katika mji mmoja.

Parachichi lenyewe si geni. Kenya huitwa avokado, Tanzania parachichi, na yako majina mengine, kama vile pea na embe mafuta, ambayo yasikika kidogo siku hizi. Miti ya kienyeji ilikuwapo nyuma ya nyumba nyingi za nyanda za juu, matunda yakaliwa na watoto au yakauzwa kwa ndoo. Kilicholeta mageuzi ni aina iitwayo Hass, kwa jina la Rudolph Hass wa California, aliyepewa hataza ya mti wake mwaka 1935. Ganda lake ni nene na lenye mikwaruzo, na hugeuka kutoka kijani kuwa jeusi linapoiva. Tunda hilo huvumilia safari, na ndilo linalotakiwa na maduka ya Ulaya. Katika Tanzania makampuni ya Siha, mkoani Kilimanjaro, na Rungwe, mkoani Mbeya, yalitangulia kulilima kwa wingi kwa ajili ya nje. Njombe ikafuata kwa kasi, na mashamba mengi yaliyokuwa ya mahindi yakapandwa miche.

Sasa tufikie kiini cha jambo. Parachichi lina tabia isiyo ya kawaida: hukomaa likiwa mtini, lakini haliivi mpaka lichumwe. Laweza kukaa mtini kwa wiki nyingi baada ya kukomaa, gumu vile vile. Kwa hiyo tunda linalotakiwa na msafirishaji ni lile lililokwisha kukomaa bila kuanza kuiva. Watu wa mataifa mengine hulazimika kufafanua jambo hili kwa maneno mengi. Kiswahili kina msamiati wake tayari, na ni msamiati wa zamani, wa watu walioishi na maembe na ndizi. Tunda changa ni lile lisilotimia. Tunda pevu ni lile lililotimia umbo na nguvu zake. Tunda bichi ni lile lisiloiva, na bivu ni lile lililoiva. Jozi hizi ni mbili, wala si moja: changa kwa pevu, bichi kwa bivu. Ndizi ya mkungu huweza kuwa pevu na bichi kwa wakati mmoja, na ndivyo inavyokatwa ili ivundikwe. Parachichi la kuuza ng'ambo ni hivyo hivyo: pevu, tena bichi.

Ajabu ni kwamba katika mafunzo ya wakulima na katika karatasi zitafsiriwazo kutoka Kiingereza, utajiri huu mara nyingi hautumiki. Husemwa "matunda yaliyoiva vizuri", hali tunda lililoiva ndilo litakaloharibika melini. Au husemwa "yasiyoiva" kwa maana ya machanga, na mkulima, ambaye ajua kuwa maparachichi yote ya mtini hayajaiva, hawezi kujua anakatazwa nini. Mwalimu wa kilimo ambaye angesema "chuma pevu, usichume changa" angeeleweka mara moja, hata na ajuza asiyejua kusoma.

Tofauti hiyo ina bei. Parachichi changa lililochumwa haliivi sawasawa. Hunywea, ganda likakunjamana, na nyama yake ikawa kama mpira. Kasoro hiyo haionekani siku ya kuchuma. Huonekana wiki kadhaa baadaye, katika ghala la Ulaya au, vibaya zaidi, mezani kwa mlaji, ambaye hatauliza habari za Njombe bali ataliacha tunda hilo wakati mwingine. Wapimaji wana njia yao. Hukata nyama ya tunda, wakaipima, wakaikausha katika oveni mpaka uzito usibadilike tena, kisha wakaipima mara ya pili. Ikiwa katika gramu 100 zimebaki gramu 21, tunda la Hass limefikia kiasi cha chini kinachokubaliwa katika viwango vya Ulaya. Maandiko ya kitaalamu hukiita kilichobaki "mada kavu". Tafsiri hiyo ni sahihi, ila haimwambii kitu mtu wa shambani. "Uzito mkavu" ungetosha, kwa kuwa kila aliyewahi kuanika mahindi ajua tofauti ya uzito wa maji na uzito mkavu. Ziko pia dalili za macho: ganda la kokwa hugeuka kutoka weupe likawa la rangi ya kahawia, na ngozi ya tunda hupoteza mng'ao wake.

Basi ushindani waingia wapi? Mwanzo wa msimu maparachichi ni machache sokoni na bei ni nzuri. Mnunuzi atakayewahi ndiye atakayejaza kontena. Anapokuja dalali wa kwanza, wa pili hukaza mwendo, na wa tatu huja na fedha taslimu kabla ya tunda kupevuka. Mkulima ana karo ya shule na deni la mbolea. Asipouza leo, jirani atauza, na kesho mnunuzi atakuwa ameondoka. Huu ni ushindani kwa maana kamili ya mzizi wake, na ndio waandishi wa mageuzi ya 1986 waliokuwa wakiutamani: wanunuzi wengi mahali pa mmoja. Umeleta mema, kwani bei ya shambani hupanda na malipo hutolewa papo hapo. Lakini kila mmoja wao hufanya haraka kwa sababu ya mwenziwe, na haraka hiyo hupakia tunda changa. Hasara haimfuati aliyelipakia peke yake. Huliangukia jina la nchi, na kwa njia hiyo bei ya yule aliyengoja.

Kenya imekutana na tatizo hilo hilo, na wakuu wake wa kilimo cha bustani katika miaka ya karibuni wamekuwa wakifunga uvunaji wa parachichi za kusafirishwa kwa meli kwa miezi fulani. Kufunga msimu kwa tarehe moja kwafaa, ila ni dawa isiyochagua. Tunda la bonde lenye joto hupevuka mapema kuliko la mlima wenye baridi, na katika mkoa wa Njombe mtu aweza kushuka kutoka baridi kali hadi joto la Ziwa Nyasa bila kuvuka mpaka wa mkoa. Tarehe moja itamwonea mmoja na kumwachia mwingine. Wala haifai kurudi kwa mnunuzi mmoja wa mwaka 1976, kama wengine wanavyodokeza wanapochoshwa na madalali. Mfano mwema uko karibu zaidi, nao ni pareto. Ikiwa ua laweza kulipwa kwa sumu iliyomo, tunda nalo laweza kulipwa kwa uzito wake mkavu: chini ya 21 katika 100 lisinunuliwe, na juu ya hapo bei ipande kwa daraja. Kipimo chaweza kufanywa katika chama cha msingi kwa mizani ndogo na oveni. Hapo wanunuzi wangebaki wengi, nao wangeshindania tunda pevu, na neno ushindani lingekuwa na maana zake zote mbili bila moja kuila nyingine.

Neno la pili lenye hatari ni kiwango. Nchi za Umoja wa Ulaya huweka mpaka wa mabaki ya dawa za wadudu yanayoruhusiwa katika tunda. Kwa dawa ambayo haikupangiwa mpaka wake maalumu, mpaka ni miligramu 0.01 kwa kilo moja, yaani gramu moja katika tani 100 za matunda. Kiswahili cha taarifa huuita mpaka huo "kiwango cha juu cha mabaki ya viuatilifu". Msomaji alisikilize tena fungu hilo la maneno. Laweza kuwa na maana ya kipimo ambacho hakitakiwi kupitwa, na laweza pia kuwa na maana ya mabaki mengi. "Tunda hili lina kiwango cha juu cha mabaki" ni shitaka, "kiwango cha juu cha mabaki ni 0.01" ni sheria. Tena kiwango hutumika kwa ubora unaosifiwa, kama katika jina la Shirika la Viwango Tanzania, na "bidhaa ya kiwango cha juu" ni bidhaa nzuri. Neno kikomo lingeondoa utata wote: kikomo cha mabaki. Halina maana nyingine ya kulivuruga.

Hata jina dawa lina athari yake. Dawa huponya, na aongezaye dawa afikiri anaongeza uzima. Kiuatilifu, lililoundwa kwa kuunganisha kuua na tilifu, limekusudiwa kuondoa dhana hiyo, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, imelitia katika jina lake. Vijijini neno hilo bado ni la mgeni. Wakulima wa pareto, walioita zao lao sumu bila kuona haya, walikuwa karibu zaidi na ukweli.

Njia ya kufika baharini nayo yahitaji kutajwa, kwani tunda pevu likichelewa njiani huwa bivu. Parachichi husafirishwa katika baridi ya nyuzi 5 hadi 7 hivi, na baridi hiyo isikatike kutoka ghala la kufungashia mpaka Ulaya. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 600 kutoka Makambako. Hata hivyo sehemu ya maparachichi ya nyanda za juu za kusini imekuwa ikipelekwa kwa malori hadi Mombasa, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, kwa kuwa huko meli na makontena ya baridi hupatikana kwa urahisi zaidi. Tangu mwisho wa mwaka 2023, meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ya Ulaya iliongezeka kwa siku 10 hadi 14. Kwa tunda ambalo maisha yake huhesabiwa kwa siku, hizo ni nyingi. Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia sahihi katika Beijing hati ya maelewano ya kuifufua TAZARA. Mazungumzo ya reli hiyo hutawaliwa na shaba ya Zambia, na ni haki, kwa kuwa uzito uko huko. Lakini shaba haiozi. Behewa lenye umeme wa kupoza matunda kutoka Makambako ni jambo dogo katika mpango mkubwa wa namna hiyo, na mambo madogo husahauliwa yasipotajwa kwa jina mapema.

Safari ya Mombasa ina hasara nyingine isiyopimwa kwa kilomita. Tunda lililofungwa na kupakiwa huko laweza kuuzwa kama tunda la Kenya, na hapo kazi yote ya mkulima wa Njombe hujenga sifa ya jirani. Wanunuzi wa ng'ambo, kwa upande wao, wazidi kudai kujua kila katoni imetoka shamba gani. Vyeti vya GLOBALG.A.P. hudai hivyo. China, iliyotiliana na Tanzania mapatano ya parachichi mnamo Novemba 2022 wakati Rais Samia Suluhu Hassan alipoitembelea Beijing, hutaka mashamba na maghala ya kufungashia yaandikishwe kabla ya tunda kuingia nchini mwake, kwa hofu ya nzi wa matunda na wadudu wengine. Jambo hili bado halina jina lililokubaliwa katika Kiswahili. Wengine husema "ufuatiliaji", ambalo tayari lina kazi ya kutaja usimamizi wa miradi na hata upelelezi wa polisi. Liko neno ambalo pwani na bara hulielewa sawia, la kutaja mlolongo wa watokako watu, mzazi kwa mzazi, bila kukatika: nasaba. Nasaba ya tunda ingekuwa ni mti, shamba, mvunaji, ghala na katoni. Daftari la kuiandika laweza kuanzia katika chama cha msingi, palepale mizani ilipo, pamoja na safu ya uzito mkavu na tarehe ya mwisho ya kupiga dawa. Daftari hilo likiandikwa kwa Kiswahili ambacho mwenye shamba aweza kukisoma na kukikosoa kabla ya kutia sahihi, makosa mengi yatasahihishwa Njombe badala ya kugunduliwa Rotterdam.